Umeme Mdogo Nyuma ya Sikio

Abiria wa bodaboda kwenye njia ya vumbi Ipagala hurushwa kila tairi linapokanyaga shimo, lakini bango la duka la dawa lililo mbele yake hubaki limetulia na maandishi yake husomeka. Utulivu huo hutoka sikioni. Ndani kabisa, kupita ngoma ya sikio, ipo mifereji mitatu myembamba yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo huinamisha vinyweleo vya seli, mshipa wa fahamu hupeleka habari, na macho huzungushwa upande wa pili kabla mwenyewe hajatambua.

Seli hizo zikifa, bango huruka.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani, aliyepoteza mizani ya mwili baada ya kutibiwa kwa streptomaisini, alisimulia hali yake katika jarida la tiba la New England. Ili asome kitabu, ilimbidi abane kichwa kati ya vyuma vya kitanda, kwani mapigo ya moyo wake mwenyewe yalitosha kuzirusha herufi.

Dawa hiyo si ngeni kwetu. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu ulianza mwaka 1977, Karel Styblo akiwa mshauri, na tiba ya muda mfupi iliyojengwa hapa nchini baadaye ilikuwa na sindano ya streptomaisini kila siku kwa miezi miwili ya kwanza. Iliokoa watu wengi mno, na dunia ikaja kujifunza kwa Tanzania. Lakini streptomaisini hushambulia seli za mizani hata kabla ya zile za kusikia, na ndugu yake, jentamaisini, bado inachomwa wodini hadi leo.

Je, mizani iliyodhoofika inaweza kuamshwa? Mwaka 2014 Shinichi Iwasaki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walichapisha jaribio lao. Walibandika vibandiko vya umeme kwenye mfupa wa nyuma ya kila sikio, wakapitisha mkondo usio na mpangilio, unaopanda na kushuka ovyo kama mkwaruzo wa redio isiyoshika stesheni. Walianzia sifuri wakapanda taratibu, mwisho mikroampea 1,000, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea. Mtu alisimama amefumba macho juu ya bamba linalopima anavyoyumba. Kwa kiwango kilichomfaa kila mmoja, 16 kati ya watu 21 wenye afya walipungua kuyumba. Kwa wagonjwa walioharibika masikio yote mawili, 10 kati ya 11.

Kelele hiyo ya umeme inasaidiaje? Aliyewahi kuchekecha unga wa uwele ataelewa. Unga hukwama juu ya chekeche mpaka uligonge kidogo, ndipo upite. Ukiligonga kwa nguvu, unamwagika. Vivyo hivyo, ishara dhaifu ya mwendo husukumwa na kelele ndogo hadi mshipa uisikie, na kelele ikizidi huifunika. Ndiyo maana kila mtu alitafutiwa kipimo chake, na kwa maoni ya mwandishi huyu, uvumilivu huo ndio uliolibeba jaribio zima.

Seli zikiwa zimekwisha kabisa, hakuna ishara ya kusukuma. Hapo Charles Della Santina na timu ya Johns Hopkins, Baltimore, walichukua njia nyingine: kifaa cha kupandikiza, kilichozaliwa kutokana na kile cha kusikia. Jairoskopu hupima mzunguko wa kichwa, na nyaya hupiga mshipa wa fahamu moja kwa moja. Taarifa yao ya mwaka 2021 ilihusu wagonjwa wanane: kusimama na kutembea kuliboreka, ingawa sikio lililopandikizwa lilipoteza sehemu ya usikivu. Hiyo ni gharama kubwa.

Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, kwa hiyo ufundi wa kulifikia sikio la ndani upo nchini. Kinachohitajika haraka zaidi ni kuwatambua wagonjwa, na kipimo walichokieleza Michael Halmagyi na Ian Curthoys mwaka 1988 hakihitaji hata umeme. Daktari hushika kichwa cha mgonjwa, humwambia aitazame pua yake yeye daktari, kisha hukigeuza kichwa ghafla kwa nyuzi chache. Jicho lenye mizani hubaki puani. Lisilo nayo huburutwa na kichwa, kisha hurudi kwa kuruka.