Mafundi wa Kumbukumbu ya Atari 2600

Mashine ya michezo ya video ya Atari 2600, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1977, ina kumbukumbu ya baiti 128 tu, baiti moja ikiwa ni nafasi inayotosha kuhifadhi herufi moja. Kwa hiyo wanastahili pongezi za dhati wale mafundi wa nyumbani ambao, kwa risasi ya kuchomelea na uvumilivu mwingi, huiongezea uwezo kwa saketi walizozibuni wenyewe.

Ugumu wa kazi yao umo katika tundu la katriji, yaani kisanduku kinachobeba programu ya mchezo, kwani tundu hilo lina njia 13 za anwani na 8 za data, lakini halina waya hata mmoja wa kuijulisha katriji iwapo prosesa inasoma au inaandika. Fundi hulazimika kuipa kila baiti anwani mbili, moja ya kuandikia na nyingine ya kusomea, ingawa kufanya hivyo hula maradufu nafasi ambayo tayari ni finyu, kwa kuwa katriji nzima hutengewa anwani 4,096 pekee.

Kifaa cha Supercharger, kilichouzwa na kampuni ya Starpath mwaka 1982, kilikwepa gharama hiyo kwa kuificha thamani ya kuandikwa ndani ya anwani yenyewe, ujanja ambao pengine ndio mzuri kuliko wote katika fani hii, na kikaongeza baiti 6,144 zilizopakiwa kutoka kwenye kaseti ya kawaida ya muziki.