Je, Ajali Haina Kinga?

Miongoni mwa misemo yetu iko michache ambayo hakuna anayethubutu kuipinga, kwa sababu husemwa mahali ambapo kupinga ni utovu wa adabu. Mmojawapo ni huu: "Ajali haina kinga." Husemwa msibani, msemaji akiwa ameinamisha kichwa, na waliopo huitikia kwa kuguna. Nimeusikia Kirumba na Igogo, nimeusikia Sengerema na Ukerewe, na mara nyingi mno nimeusikia mbele ya jeneza ambalo mtu mmoja angeweza kulibeba peke yake.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufundisha na kusahihisha insha za watoto, kisha kusimamia walimu waliozisahihisha. Chuoni, tulipokuwa tukiandaliwa kwa kazi ya ualimu, tuliambiwa kwamba methali haikaririwi tu, bali hupimwa: imesemwa na nani, kwa nani, wakati gani na kwa nia gani. Katika sura hii nataka kuupima msemo huu kwa mizani hiyo, nikiuhusisha na watoto wachanga na wale wanaoanza kutambaa na kutembea katika vijiji na mitaa ya kandokando ya ziwa letu.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno "ajali" limetujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliowekwa, yaani siku ya mwisho ya mtu, ambayo aijuaye ni Muumba peke yake. Wazee wa pwani walilitumia katika maana hiyo ya mauti yaliyokadiriwa. Kwa maana hiyo msemo hauna kasoro. Siku ya mtu ikifika, hakuna ngao. Lakini neno limehama. Leo tukisema ajali tunamaanisha basi limepinduka, moto umeshika nyumba, mtoto ametumbukia kisimani. Neno limebadilika, msemo umebaki vilevile. Matokeo yake ni kwamba maneno yaliyosemwa juu ya siku ya kufa sasa yanasemwa juu ya ndoo isiyo na kifuniko.

Neno la pili ni "kinga". Kukinga ni kuzuia kitu kisimfikie mtu, kama mwavuli unavyokinga jua. Vilevile ni kutega chombo ili kipokee kinachoanguka: masika ikianza tunaweka pipa chini ya mchirizi wa bati tukakinga maji ya mvua. Hebu msomaji atazame jambo hili. Kila nyumba yenye paa la bati inajua kukinga maji. Pipa limewekwa, ndoo zimepangwa, beseni limejaa, na katikati ya vyombo hivyo anatambaa mtoto wa miezi kumi. Maji tumeyakinga, mtoto hatujamkinga. Halafu tunasema kinga haipo.

Hata hivyo sitaki kuudhulumu msemo huu, maana mhakiki asiyeona uzuri wa kitu hana haki ya kutaja ubaya wake. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria msiba katika kijiji kimoja cha mwambao. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa ametumbukia katika shimo la kufyatulia matofali lililojaa maji ya mvua, nyuma ya nyumba. Mama yake alikuwa mwaloni akianika dagaa, kazi iliyowalisha wote. Mtoto alikuwa ameachwa na dada yake, msichana wa miaka minane, ambaye aliinama kuchochea moto, na alipoinuka hakumwona mdogo wake. Pale msibani msichana yule alikaa kwenye pembe ya ua, hali wala hasemi. Watu waliokuja na hasira ya uchungu walikuwa wakimtupia macho. Ndipo mzee mmoja akasimama akasema, "Ajali haina kinga." Macho yakamwondokea yule mtoto. Hakuna aliyempiga, na sikusikia aliyemlaumu.

Huo ndio uzuri wa msemo wetu, na ni uzuri mkubwa. Unasema kinga haipo, kumbe wenyewe ni kinga. Ulimkinga msichana wa miaka minane asibebeshwe kifo maisha yake yote, na ulimkinga mama aliyekuwa kazini. Anayetaka kuufuta msemo huu katika lugha yetu lazima kwanza atuambie siku hiyo tungesema nini badala yake.

Ila msiba ule haukuishia hapo. Siku ya tatu, tulipokwisha kuanua tanga, babu wa marehemu aliomba jembe. Akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kusukumia udongo ndani ya lile shimo. Vijana walimwangalia kidogo, kisha wakachukua majembe nao. Kabla jua halijatua shimo lilikuwa limefukiwa. Mzee yule hakubishana na aliyesema ajali haina kinga, lakini alijua kinga ilikuwa ipi, na alijua ingegharimu nini: jembe na jioni moja. Kwangu mimi hapo ndipo kasoro ya msemo inapoonekana. Msemo ni wa kweli kwa siku ya kwanza. Siku ya tatu umekwisha muda wake. Tatizo letu ni kwamba tunaendelea kuutumia siku ya nne, mwezi wa pili na mwaka unaofuata, na katika nyumba ya jirani ambako shimo la namna ileile bado liko wazi.

Tena tunautumia kwa upendeleo. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walikufa, na Serikali iliunda tume ya uchunguzi. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka jirani na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu 228 walikufa, na swali lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa juu ya idadi ya abiria, kwa kuwa uwezo wa kivuko ulikuwa watu 101. Hakuna mwananchi aliyeridhika kuambiwa kwamba ajali haina kinga. Tulitaka kujua nani alihesabu abiria, nani alikagua chombo, nani aliruhusu kiondoke. Mtoto mmoja akifa ndani ya pipa haundiwi tume. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Hao si abiria wa meli. Wengi wa umri huo hufia karibu na nyumbani, mmoja mmoja, bila habari yao kufika gazetini.

Mtu atasema kwamba wazee wetu waliamini hivyo, nasi tufanyeje. Basi tukumbuke ndui. Ugonjwa ule ulihesabiwa kuwa majaliwa katika nchi nyingi, na aliyepona alibaki na makovu kama ushahidi kwamba siku yake haikuwa imefika. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Vivyo hivyo surua, tangu mpango wa taifa wa chanjo uanze nchini mwaka 1975, imeacha kuwa jambo la kusubiri na kuomba. Leo mama wa Nyakato au wa Igoma anampeleka mtoto kliniki kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, wala haoni kwamba anashindana na Mungu. Imani yake haikupungua. Kilichopungua ni orodha ya mambo tuliyokuwa tukiyaita siku ya mtu.

Hapo ukutani kliniki mara nyingi utakuta msemo mwingine: "Kinga ni bora kuliko tiba." Angalia jinsi lugha moja inavyosema mambo mawili. Kliniki kinga ipo tena ni bora. Msibani kinga haipo. Mama yuleyule anasikia yote mawili. Lakini hata huu wa kliniki una upungufu wake. Tumeuzoea kuwa ni sindano na chandarua, basi. Hautaji pipa, hautaji jiko la mkaa lililowekwa chini sakafuni, hautaji mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda. Msemo usiotaja kitu humwachia msikilizaji kazi yote ya kufikiri, na mama aliyeamka saa kumi usiku kwenda mwaloni hana nafasi ya kufikiri kwa ajili ya wote.

Iko methali nyingine ambayo mwambao huu ungepaswa kuitilia shaka zaidi: "Mfa maji haachi kutapatapa." Kwa mtu mzima mwenye matatizo ya dunia ni methali nzuri. Kwa mtoto mdogo ni upotoshaji wa hatari. Mtoto wa mwaka mmoja anayezama aghalabu hatapitapi kwa muda wala hapigi kelele. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, mikono haina nguvu ya kumwinua, na mdomo ukishakuwa majini hauna sauti. Maji ya kina cha sentimita chache yanatosha, na muda wenyewe ni dakika chache tu. Mzazi anayesubiri kusikia vurugu ndipo akimbie, atasubiri kimya. Penye mtoto mdogo na maji, ukimya ndio wito wa kukimbia.

Na vipi ile ya "Mtoto akililia wembe, mpe"? Hii tumeichukua kwa maneno yake tukaiacha maana yake. Ilitungwa kwa ajili ya mkaidi aliyekwisha kuonywa, mtu mwenye akili ya kuelewa onyo na kulikataa. Mtoto wa miaka miwili hajaonywa, kwa kuwa onyo halijamwingia. Akinyoosha mkono kwenye sufuria ya uji si mkaidi, bali ni mwanafunzi asiye na kitabu kingine ila vidole vyake. Kumwacha aungue ili ajifunze ni kumtoza ada ambayo hawezi kuilipa. Nimefundisha watoto wenye makovu ya moto mikononi. Sikupata kumwona hata mmoja ambaye kovu lilimwongezea hekima.

Basi kinga ni nini huku kwetu ziwani? Si jambo la fedha nyingi. Ni kifuniko juu ya pipa na kisima. Ni beseni kumwagwa mara nguo zikishafuliwa. Ni jiko kuinuliwa au kuzungushiwa, na mpini wa sufuria kugeuzwa ndani. Ni mafuta ya taa kukaa juu katika chombo ambacho hakifanani na kinywaji. Na mtoto akishakunywa, asilazimishwe kutapika, kwa kuwa mafuta huweza kuingia mapafuni, bali awahishwe hospitali. Lakini juu ya vyote hivyo kinga ni mtu, tena mtu mzima, aliye karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono. Na hapa ndipo penye ugumu wa kweli, kwa sababu saa ambazo mtoto yumo hatarini ndizo saa ambazo mama yuko kazini.

Nchi ya Bangladesh, yenye mito na madimbwi kuliko sisi, ilikutana na ugumu huohuo. Huko vijijini vilianzishwa vituo vidogo viitwavyo "anchal", ambako mama mmoja wa kijiji hukusanya watoto wadogo na kuwaangalia kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, wakati wazazi wana kazi nyingi na vifo vya maji ni vingi. Vifo vya watoto waliohudhuria vilipungua sana, na mwaka 2022 serikali ya nchi hiyo iliidhinisha mpango wa vituo 8,000. Hawakuleta mashine. Walichukua jambo ambalo bibi zetu walilifanya chini ya mwembe, wakalipangia saa na zamu. Hapa Mwanza nako shirika la EMEDO limekuwa likifanya kazi na jamii za wavuvi juu ya kuzuia vifo vya maji, na tangu mwaka 2021 Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya jambo hili. Lakini siku moja kwa mwaka haitoshi kwa ziwa linalotuamkia kila asubuhi. Akina mama wa mwalo mmoja wanaoweza kupeana zamu katika kikundi cha kuweka na kukopa wanaweza pia kupeana zamu ya kuangalia watoto, na yule wa zamu akapewa fungu lake la dagaa kama wenzake.

Hukumu yangu juu ya msemo wetu ni hii. Tusiufute. Tuuache msibani, mikononi mwa wazee, uwe blanketi la kumfunika msichana wa miaka minane aliyekaa pembeni mwa ua. Ila usivuke mlango wa matanga. Usisemwe kwenye mkutano wa kijiji, usisemwe na mwenye nyumba anayeulizwa juu ya kisima chake, wala usisemwe darasani. Huko lugha yetu imetuwekea methali nyingine iliyo sahihi zaidi, nayo kila mtoto wa darasa la tatu anaijua: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ewe msomaji uliyeketi nyumbani ukisoma maneno haya, kama kuna mtoto anayetambaa uani kwako na kimya kimezidi, weka kitabu chini kwanza ukamtazame. Kitabu kitakungoja.