Kutoka 556 hadi 104: ile namba ya vifo vya uzazi tuisome vizuri

Kama uko kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa afya, ule mchoro umeshauona: nguzo ndefu ya 556, pembeni yake nguzo fupi ya 104. Ni vifo vitokanavyo na uzazi Tanzania kwa kila vizazi hai 100,000, utafiti wa 2015-16 dhidi ya ule wa 2022. Kushuka kwa asilimia 81! Februari 2025 Rais Samia akapewa tuzo ya Goalkeepers ya Gates Foundation kwa mafanikio hayo. Mimi nami nilishangilia. Halafu nikafungua ripoti.

Namba hazijatungwa, tuelewane hapo. Shida ni kwamba mchoro unazionyesha kana kwamba kuna mtu alihesabu makaburi 2015, akarudi kuyahesabu 2022. Hakuna. Mdadisi alikaa na mwanamke akamuuliza: ndugu zako wa tumbo moja ni wangapi? Nani yu hai, nani amefariki? Huyo dada yako alipofariki alikuwa mjamzito, alikuwa anajifungua, au alikuwa ametoka kujifungua? Majibu ya miaka kadhaa iliyotangulia yanajumlishwa, ndipo kinapatikana kiwango.

Mwaka 2022 walihojiwa wanawake 15,254. Ni wengi, ila kifo cha uzazi ni tukio adimu, kwa hiyo vifo vinavyopatikana ni vichache na makadirio yanayumba. Utafiti wa 2010 ulitoa 454, wa 2015-16 ukatoa 556. Vifo viliongezeka? Huwezi kusema hivyo, maana mipaka ya makadirio inaingiliana: 353 hadi 556 kwa ule wa kwanza, 446 hadi 666 kwa wa pili. Mipaka hii kwenye mchoro haimo kabisa.

Lakini 104 iko chini mno kuelezwa kwa kuyumba tu. Na makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020, ambao umo ndani ya ile miaka, yaliyotolewa 2023, yalikuwa 238. Zaidi ya mara mbili.

Sasa njoo tupige hesabu ya vidole. Kati ya tafiti hizi mbili, akina mama wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Hayo ni mafanikio ya kweli, hakuna wa kuyabeza. Tuseme, kwa ukarimu uliopitiliza, kwamba hakuna mama hata mmoja anayefia kituoni, wote wanafia nje. Waliobaki nje wameshuka kutoka asilimia 37 hadi 19, basi 556 ingeshuka hadi kama 285. Vifo 180 na ushee vilivyobaki lazima vielezwe na kitu kingine: damu salama, upasuaji, usafiri wa dharura kama m-mama. Huenda ikawa sehemu ya jibu. Ila anayesambaza mchoro ndiye mwenye kazi ya kutuonyesha, na hajafanya hivyo.

Kuna wanaosema dada hawataji vifo vyote. Kweli. Binti aliyefariki kwa mimba iliyoharibika, akiwa hajamwambia mtu, atatajwa kama aliyeumwa tumbo tu. Lakini kasoro hiyo ilikuwepo pia 2015, kwa hiyo peke yake haielezi kushuka.

Kinachoniuma zaidi ni wastani wenyewe. Sampuli hii haitoshi kutoa kiwango cha kuaminika kwa kila mkoa, achilia mbali wilaya. Mama wa kijijini ambaye kituo chenye chumba cha upasuaji kiko saa tano kwa barabara ya vumbi amefichwa ndani ya 104 pamoja na mama wa Masaki. Bajeti ikipangwa kwa namba hiyo, wa kupunguziwa anajulikana.

Wewe unayetaka kuikagua mwenyewe, usianzie kwa akina mama. Dodoso lilelile linauliza pia kuhusu kaka, na ripoti huwa na jedwali la vifo vya watu wazima, wanawake na wanaume. Kaka hawafi kwa uzazi. Kama vifo vyao navyo vimeporomoka kati ya tafiti hizi mbili, cha kuchunguza ni namna watu walivyohojiwa, kabla hatujawapongeza wakunga. Kama havikuporomoka, 104 inaanza kusimama vizuri zaidi. Fungua majedwali hayo mawili, weka moja kando ya jingine.