Kumsimulia Shoga Analolijua

Ramatoulaye yumo edani. Mumewe, Modou Fall, amekufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo, na mjane huyu wa Senegali anafungua daftari kumwandikia rafikiye wa tangu utotoni, Aissatou, afanyaye kazi ubalozini Marekani. Hapo ndipo Mariama Bâ alipoisimamisha riwaya yake fupi iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979, ikapata Tuzo ya Noma ya kwanza kabisa mwaka 1980, na ambayo sisi tunayo kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii.

Wengi huisoma kama kitabu cha kupinga mitala. Hoja hiyo imo, tena ni kali. Lakini kuisifia riwaya hoja yake tu ni kumdhulumu fundi ujira wake. Mimi hustaajabia jambo ambalo mhariri mwenye haraka angelipiga mstari: Ramatoulaye anamsimulia Aissatou mambo ambayo Aissatou anayajua, tena yaliyompata yeye mwenyewe. Kwamba ni binti wa sonara. Kwamba Mawdo, daktari, alimwoa kwa kumpenda. Kwamba mama mkwe, mwenye nasaba ya kifalme, hakusamehe kamwe. Akaenda kwao, akachukua binti wa kaka yake, akamlea, akamsomesha ukunga, hata alipoiva akamkabidhi mwanawe awe mke wa pili. Aissatou alimwachia mumewe barua, akaondoka na wanawe wanne. Barua hiyo nayo Ramatoulaye anaiandika upya na kumrudishia aliyeiandika!

Aliyewahi kukaa matangani na wanawake ataelewa. Kinachosemwa pale kila mtu anakijua, na kinasemwa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kutanguliza maumivu ya mwenzake, Ramatoulaye anapata pa kuyaegemeza yake: naye aliolewewa mke wa pili, Binetou, msichana aliyesoma darasa moja na bintiye Daba. Aissatou aliondoka, yeye akabaki. Nani alipatia? Mwandishi hatoi hukumu. Wala Ramatoulaye hajitetei, maana anayemsikiliza ni shoga, si kadhi.

Tabaka nalo Bâ haliwekei hotuba nyingi. Analiweka kwenye vitu. Nyumba waliyoichuma pamoja mume na mke inaonekana kwenye hati kwa jina la mume peke yake, naye ameiweka rehani ili kumnunulia Binetou nyumba nyingine. Ramatoulaye, mama wa watoto 12, akilalamikia taabu ya usafiri, anayemnunulia gari, Fiat, ni yule binti wa sonara ambaye wakwe walimwona si saizi yao. Na Aissatou anapokaribia kuwasili, mwenyeji anawazia kwamba mgeni pengine atadai meza, kiti na uma. Yeye lakini atamtandikia mkeka. Utani huo mdogo umebeba umbali wote uliokwisha kuingia kati yao, na hakuna aliyekasirika.

Nina dukuduku moja. Binetou, mtoto wa maskini aliyesukumwa na mama yake katika ndoa ya mzee, tunamwona kwa mbali tu. Ramatoulaye anatambua kuwa ni kafara, lakini hamsogezi karibu. Zamani nilidhani huo ni upungufu. Sasa naona umbo lenyewe la kitabu linatoa jibu lake: Ramatoulaye ana Aissatou, ilhali urafiki wa Binetou na Daba uliuawa na ndoa ile ile. Binetou hana wa kumwandikia.

Bâ alifariki mwaka 1981, riwaya yake ya pili ikatoka baada ya kifo chake. Uliyeisoma hii darasani kwa ajili ya mjadala wa mitala, isome tena, safari hii ukimfuata Aissatou: mwanamke ambaye hatumwoni akiingia mlangoni, na bila yeye hakuna ukurasa hata mmoja ungeandikwa.