Sauti ya Kilindini na Masikio Yetu

Tuanze na ubishi. Tulikuwa watu sita chumbani, watatu wanakwaya na watatu washika kalamu, simu iko mezani, tunasikiliza De Profundis, kazi ya kwaya ya Paul Mealor, mtunzi wa Wales. Ilipokwisha mmoja akasema, "Bomba! Mimi hii kitu ilinitetemesha kifua." Wa pili akaguna, "Huyo anaimba au anakoroma?" Wa tatu, ambaye ni besi kanisani kwao, hakusema neno. Alikuwa anajaribu kooni mwake: anashuka, anakwama, anaanza upya.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Jina lake ni la Kilatini, maana yake kutoka vilindini, nalo limetoka mwanzo wa Zaburi ya 130, ile ya mtu aliyezama katika dhiki akamlilia Mungu. Humo Mealor ameandika noti ya E ya chini mno, yenye mitetemo kama 41 kwa sekunde. Besi wa kwaya zetu akifika 82 anajiona mwanamume. Huyu anatakiwa ashuke hadi nusu ya hapo. Kama unalijua gitaa la besi, basi ni uzi ule mnene kuliko wote ukipigwa wazi. Mwaka 2012 kampuni ya Decca ilitangaza kuwa inamtafuta mtu wa kuiweza noti hiyo. Akapatikana Mmarekani, Tim Storms, akarekodi na kwaya ya St Petersburg Chamber Choir katika albamu iitwayo Tranquillity.

Sasa lawama yangu. Tangazo lilitutangulia masikioni. Tukaja kama watu waliokwenda kumtazama mnyanyua vyuma: ataweza, hataweza? Mimi mwenyewe nakiri kwamba mara ya kwanza niliziruka dakika za mwanzo ili niitafute hiyo E. Nilipoipata nikapiga kelele. Ungeniuliza wimbo unasema nini, ningebaki kukodoa macho tu. Tena Storms ana rekodi ya Guinness ya mwaka huohuo wa 2012: mitetemo 0.189 kwa sekunde, yaani mtetemo mmoja kwa zaidi ya sekunde tano. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye 20 hivi. Kwa hiyo mitambo iliipima, lakini hakuna binadamu aliyeisikia. Je, huo nao ni muziki?

Turudi kwa yule wa mkoromo. Tulimcheka, kumbe alikuwa na haki yake. Spika ya simu ni ndogo, haiwezi kuitoa mitetemo 41. Inatoa ile ya juu inayoandamana nayo, 82, 123 na kuendelea, kisha ubongo unajijazia chini iliyokosekana. Aliyesifu alikuwa ameshaisikiliza kwao kwenye maspika makubwa. Aliyeguna alipewa mikwaruzo. Wote wawili walisema kweli, ila hawakusikia kitu kimoja. Tangu siku hiyo, mhakiki akiniambia kazi fulani ni mbovu, namuuliza kwanza: uliisikilizia wapi?

Tukaazima maspika, tukarudia. Mguna akatulia, halafu akasema, "Sasa nasikia sakafu inanguruma. Lakini bado sijui jamaa analia nini." Hiyo ndiyo hoja niliyoipenda kuliko zote, maana haijibiwi na spika.

Mwanakwaya mmoja akataka kuijibu kwa mfano wa Rachmaninoff. Katika Mkesha wake wa mwaka 1915, sehemu ya tano ni wimbo wa mzee Simeoni anayeomba aondoke kwa amani. Mwishoni mabesi wanateremka ngazi kwa ngazi hadi B ya chini iliyopunguzwa, mitetemo kama 58. Yasemekana hata kiongozi wa kwaya alihoji watapatikana wapi mabesi wa namna hiyo, lakini walipatikana. Pale huhitaji tangazo. Mzee anakwenda kulala, na sauti zinakwenda naye. Mtunzi alitamani sehemu hiyo iimbwe kwenye mazishi yake.

Nikadhani kesi imekwisha na Mealor ameshindwa. Hapo ndipo yule besi wetu alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Ninyi mnaisikia kama nguvu," alisema. "Mimi najua kule chini hakuna nguvu. Ukishuka vile huwezi kupaaza. Pumzi inavuja, koo limelegea, unabaki na kanong'ono. Ni mtu aliyekwisha lia mpaka sauti ikaisha."

Nikaanza upya, safari hii bila kuruka kitu. Na kwa kweli niliisikia: aliye kilindini hana ubavu wa kupiga kelele. Bado nasema kazi ya Rachmaninoff imeshonwa vizuri zaidi, kwani mteremko wake unaeleweka hata na asiyejua noti. Ila De Profundis si maonyesho ya misuli. Waliofanya maonyesho ni tangazo, na mimi niliyeruka dakika za mwanzo.

Kwa nini nayaandika haya kwenye gazeti la waandishi? Kwa sababu nina shairi nililolijaza maneno ya kale, mengine nimeyachimbua kwenye kamusi usiku wa manane. Nilipolisoma mbele ya wenzangu, walipiga makofi kila neno gumu lilipopita. Yule mguna aliniuliza jambo moja tu: "Huyo mtu wa kwenye shairi ana shida gani?"

Sikuwa na jibu. Shairi nimelirudisha mezani, na kamusi nimeifunga kwanza.