Kaseti Isiyo na Jogoo

Zamani, aliyetaka kuhifadhi wimbo wa redioni aliweka kinasa sauti mbele ya spika, akawanyamazisha watoto, akaomba jogoo wa jirani asiwike. Jogoo aliwika.

Mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, jogoo ndiye mwenye adabu kuliko wote. Mji huu wa wafanyabiashara uliishi miaka mingi bila umeme wa gridi ya taifa, ukazoea jenereta: moja ya mwenye duka, nyingine ya kinyozi, na katikati yao pikipiki za motari. Mwalimu anayerekodi skrini yake ili kufundisha hesabu za duka kwa kompyuta, akitegemea maikrofoni peke yake, atawapelekea wanafunzi barabara nzima.

Ndiyo maana kurekodi skrini pamoja na sauti ya ndani ni ufundi wa kuheshimiwa. Sauti haisubiri itoke kwenye spika ndipo irudi kwa maikrofoni. Inachukuliwa ndani ya mashine, kabla haijagusa hewa. Windows iliruhusu hilo tangu Vista, mwaka 2007. Linux nayo ina mlango wake. Mac ndiyo iliyokuwa kaidi: watu walilazimika kuongeza programu kama BlackHole, mpaka toleo la 13 la macOS lilipolegeza kamba mwaka 2022. OBS, programu ya bure aliyoianzisha Hugh Bailey mwaka 2012, hupita milango yote hiyo.

Lakini programu haina masikio. Fundi huvaa visikilizi kwanza, la sivyo sauti ya spika itaingia kwenye maikrofoni na kila neno litasikika mara mbili. Kisha hutazama vile vijiti vya rangi: kijani, njano kuanzia desibeli -20, nyekundu kuanzia -9. Sauti yake anaiacha icheze kwenye njano. Muziki wa kompyuta anaushusha chini zaidi. Kila moja anaipa njia yake, maana OBS hutoa njia 6, ili akikohoa aweze kukifuta kikohozi bila kuligusa somo. Menyu ziko kwa Kifaransa, maelezo kwa Kiswahili, utani kwa Kinande, na vyote vitatu visikike sawasawa.

Halafu umeme unakatika.

Hapa ndipo mzoefu na mgeni wanapoachana. Faili la kawaida la MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni. Kompyuta ikizimika kabla ya hapo, saa nzima ya kazi inakuwa gunia lililoshonwa mdomo. Faili la MKV huandikwa kidogo kidogo, na kilichokwisha kuingia kinabaki kinasomeka. Mzoefu hurekodi kwa MKV, jioni analigeuza faili kuwa MP4 ndani ya OBS hiyohiyo, kwa dakika chache, bila kupunguza ubora. Si ujanja mkubwa, ila mwenye kuujua halii.

Intaneti ni ghali, kwa hiyo somo huingia kwenye flashi. Mji wa Beni, walipo baadhi ya wanafunzi, uko kilomita 54 hivi, kwenye Barabara ya Taifa namba 2, na kuna siku ambazo hali ya usalama ndiyo inayoamua kama gari litatoka. Flashi ikifika, mwanafunzi anasikia hata kengele ndogo ya kompyuta inayolalamika kwamba hesabu imekosewa. Nje, jenereta ya Beni inanguruma. Ya Butembo haisikiki.