Takadini: Swali la Wingi, Jibu la Umoja

Wengi wetu tuliisoma Takadini (1997), riwaya ya Kiingereza ya Ben Hanson, tukiwa sekondari, tukaikariri kwa ajili ya mtihani, basi. Juzi katika semina mwenzetu mmoja akauliza: hivi, kama Sekai angejua mapema kwamba atazaa mtoto mwenye ualbino, angekuwa na haki ya kuzaa? Darasa likagawanyika. Haya ndiyo maoni yangu.

Sekai amekaa miaka mingi bila mtoto. Anapompata, mila inadai mtoto auawe, naye anatoroka. Jina la mtoto kwa Kishona ni swali: tumefanya nini? Tazama nafsi hiyo, ni ya wingi. Kijiji lakini kinalijibu kwa umoja: kosa ni la mama. Sayansi iko upande wa jina. Ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Ikiwa wote wanabeba chembe yake bila dalili yoyote, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Makwati, mume, anahusika sawa na mkewe.

Hapo Hanson amefaulu. Alipolegea ni katika kumtetea Takadini. Kijana anafundishwa mbira na mzee Chivero, anakuwa fundi. Je, asingekuwa na kipaji? Inakuwa kana kwamba mwenye ualbino lazima alipe nauli ya kuja duniani, wakati sisi wengine tumepanda bure.

Wanaosema wazazi wa namna hii wasizae wana hoja, nami siibezi: mtoto ataumia. Jua huleta saratani ya ngozi, na macho huona kwa shida. Lakini kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa KCMC, Moshi, hupunguza madhara hayo. Mauaji yaliyoitikisa Tanzania mwaka 2007 na 2008 hayakuletwa na jua. Yaliletwa na watu, kwa ushirikina na tamaa ya fedha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mke na mume wanayo haki ya kuogopa, na uamuzi ni wao wawili. Ila jamii iliyoshika panga haiwezi kumwuliza mama eti kwa nini anamleta mtoto mahali pa hatari. Kwanza iweke panga chini. Mwenye kupinga aandike, tuendelee toleo lijalo.